Mlonge, manjano na vidonge vya TB: je, majani yanalinda ini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume, miaka 34, ana wiki ya tano tangu aanze dawa za kifua kikuu. Anameza vidonge vitatu kila asubuhi. Anachoka sana, na mkojo wake umekuwa wa rangi ya chungwa. Shangazi yetu anasema hizo dawa zinakula ini. Ameleta unga wa mlonge, pamoja na kopo la manjano yaliyochanganywa na asali na pilipili manga, anywe kijiko asubuhi na jioni. Jirani naye anatuuzia vidonge vilivyoandikwa silymarin, anadai hospitali za Ulaya ndizo zinazotumia. Nimesoma pia kwamba utafiti umethibitisha mlonge unazuia dawa za TB zisiharibu ini. Nimpe au nisimpe? Dada wa mgonjwa, Muheza.

JIBU: Marahaba, dada yangu. Mimi ni mfamasia, si daktari, ila swali lako limeangukia hasa kwenye meza yangu.

Kwa ufupi: unga, kopo na vile vidonge vya jirani, vyote vikae pembeni mpaka amalize dozi. Mboga ya majani ya mlonge ikipikwa nyumbani, ale kama wengine. Na kwa sababu umesema anachoka sana, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yake. Mpeleke kliniki ndani ya siku mbili hizi akapimwe ini. Uchovu unaweza kuwa wa TB yenyewe, unaweza kuwa wa njaa, na unaweza kuwa wa ini. Kwa macho huwezi kutofautisha.

Najua ukirudi nyumbani na maneno "mfamasia kakataa" hutamshinda shangazi. Hakukosea kila kitu, kwa hiyo acha nieleze.

Tuanze na mkojo, maana huo ndio uliowatisha. Rifampisini, moja ya dawa nne zilizomo ndani ya kile kidonge, ni unga mwekundu kama matofali, na mwili huitoa na rangi yake. Mkojo, jasho, machozi, hata mate hugeuka rangi ya chungwa. Hapo ini halijadhurika. Tena zamani wahudumu walikuwa wakitazama rangi hiyo kujua nani anameza na nani anatupa vidonge dirishani. Mkojo wa ini linaloumia ni wa kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea, na unabaki hivyo kutwa nzima, ilhali rangi ya rifampisini hukolea saa chache baada ya kumeza kisha hufifia kuelekea jioni. Mtoe mdogo wako nje mchana kweupe, mvute kope ya chini, tazama weupe wa jicho. Usifanye hivyo usiku chini ya taa, nyingi zina mwanga wa njano na zitakudanganya. Rifampisini kwa dozi ya kawaida haifanyi macho kuwa ya njano. Ukiona unjano machoni, hilo ni jambo jingine na nitalirudia.

Sasa shangazi. Anaposema dawa zinakula ini, ana hoja. Kati ya zile nne, tatu zinaweza kuliumiza: isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi. Ethambutoli huangaliwa zaidi kwa ajili ya macho. Isoniazidi inapopita kwenye ini hugeuzwa na kimeng'enya kinachoitwa NAT2, na njiani hutokea masalia makali, moja likiwa haidrazini. Kuna watu waliozaliwa na NAT2 yenye mwendo wa pole, na huku Afrika Mashariki ni wengi; kwao masalia hayo hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Huwezi kumjua mtu wa namna hiyo kwa kumtazama, wala hakosi lolote katika maisha ya kawaida. Ongeza pombe, homa ya ini aina ya B au C, virusi vya UKIMWI, utapiamlo au umri mkubwa, na hatari inapanda.

Ila kuna jambo ambalo shangazi halijui, na hata wauguzi wengine hulisahau. Kati ya watu 100 wanaotumia isoniazidi, 10 hadi 20 hupandisha kipimo cha ALT, kile kinachoonyesha kwamba chembe za ini zinavuja. Hawaumwi popote. Na wengi wao, wakiendelea kumeza dawa zilezile bila kubadilisha chochote, ALT hushuka yenyewe baada ya wiki chache. Ini limezoea. Wataalamu wana neno kwa hali hiyo, lakini "kuzoea" linatosha.

Fikiria maana yake kwa mlonge. Mgonjwa kapimwa wiki ya nne, ALT imepanda kidogo. Nyumbani wakashtuka, wakamchemshia majani. Wiki ya nane kapimwa, ALT imeshuka. Nani atapewa sifa? Ningekuwa mimi ndiye ndugu yake ningeapa kwa mlonge mpaka leo. Hapa ndipo karibu kila dawa ya ini inapopatia jina, ya kienyeji na ya kiwandani pia. Njia pekee ya kujua ni kuwagawa wagonjwa kwa kura, nusu wapewe mmea na nusu wapewe kidonge kisicho na kitu, halafu wote wapimwe sawasawa.

Utafiti uliousoma upo kweli. Mwaka 2002 watafiti wa India walichapisha kazi yao: waliwapa panya isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, vipimo vya ini vikapanda, lakini kwa panya waliopewa pia dondoo ya mlonge, yaani kiini kilichotolewa kwenye majani kwa kilevi, vilipanda kidogo tu. Ni kazi halali na wala siidharau. Shida inaanza pale panya anapogeuzwa kuwa mdogo wako.

Kwanza kipimo. Katika majaribio ya namna hii dondoo hutolewa kwa mamia ya miligramu kwa kila kilo ya mwili. Chukua 500. Kanuni ya kukadiria kutoka panya kwenda binadamu ni kugawanya kwa 6 na ushei, kwa hiyo mtu wa kilo 48 angehitaji karibu gramu 4 za dondoo kila siku. Dondoo, siyo unga. Ikiwa gramu 10 za majani makavu zinatoa gramu 1 ya dondoo, hapo ni gramu 40 za unga kwa siku. Kijiko cha shangazi hakifiki huko, na kama kingefika, hakuna aliyewahi kutuhakikishia kwamba kiasi hicho ni salama kwa mtu mwenye TB.

Pili, na hili ndilo ninalopenda kuwasimulia wanafunzi, kuna jinsi maabara zinavyoonyesha "ulinzi". Majaribio mengi ya mimea na ini hayatumii dawa za TB bali paracetamol kwa dozi kubwa, kwa sababu ni rahisi na panya anaumia siku hiyohiyo. Paracetamol yenyewe si sumu. Ini huigeuza sehemu ndogo kuwa kitu kikali kiitwacho NAPQI, na akiba ya ini inayoitwa glutathioni hukizima mara moja, kama mchanga juu ya moto. Mtu akimeza kupita kiasi, mchanga unaisha na moto unashika ini. Dawa ya hospitali, N-asetilisisteini, hurudisha ule mchanga. Ikiwahi ndani ya saa 8 tangu mtu ameze, huokoa karibu kila mmoja.

Mmea unaweza kumlinda panya huyu kwa njia mbili. Unaweza kusaidia kuzima moto. Au unaweza kuzuia kimeng'enya kisitengeneze NAPQI kabisa, na mara nyingi mmea hupewa panya siku kadhaa kabla ya sumu, kwa hiyo njia ya pili ina nafasi kubwa. Kwenye karatasi zote mbili huandikwa kwa neno moja: unalinda ini. Lakini ya pili maana yake ni kwamba mmea unaingilia jinsi ini linavyochakata dawa, jambo ambalo kwa mgonjwa wa TB ni la kuogopa na si la kushangilia. Kichekesho ni kwamba hata DMSO, kiyeyushi ambacho baadhi ya maabara huyeyushia dondoo, humlinda panya dhidi ya paracetamol peke yake, bila jani lolote ndani. Asiyekuwa mwangalifu anasifu mti kumbe kazi imefanywa na maji ya kuuchanganyia.

Tena jeraha la isoniazidi kwa binadamu halifanani na lile la paracetamol. Haliji kwa kila mtu kadiri ya dozi. Huwachagua wachache, na kinga ya mwili ina mkono wake humo. Panya haliigi vizuri.

Kwa watu je? Hapa vidonge vya jirani vinaingia. Silimarini hutoka kwenye mbegu za Silybum marianum, mmea wa miiba wa nchi za Mediterania. Jirani hakusema uongo wote: Ulaya kiini chake, silibinini, hutiwa kwa mshipa kwa watu waliokula uyoga wa sumu aina ya Amanita phalloides. Lakini hiyo ni sindano, hospitalini, kwa sumu ya uyoga. Kidonge cha kumeza ni habari nyingine, kwa sababu kinafyonzwa kidogo tu. Mwaka 2012 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilitoa matokeo ya jaribio la watu 154 wenye homa ya ini C ya muda mrefu. Walimeza silimarini, kwa dozi kubwa kuliko zinazouzwa kawaida, au kidonge kitupu, wiki 24. ALT zao hazikutofautiana. Kwa dawa za TB yamefanyika majaribio kadhaa ya Asia, mengine yakaona nafuu, mengine hayakuona kitu, na mpaka leo hakuna mwongozo wa TB wa Shirika la Afya Duniani unaosema mgonjwa apewe. Simwiti jirani tapeli. Nasema pesa hiyo inunue mayai.

Na usidhani kwamba jaribio moja zuri la watu linamaliza kesi. Mwaka 1988 jarida la Lancet lilichapisha kutoka Madras, India, habari ya Phyllanthus amarus, kimmea kidogo kinachoota kama gugu pembezoni mwa njia hata huku kwetu. Kati ya watu 37 wenye virusi vya homa ya ini B waliokipata kwa siku 30, 22 walipoteza alama ya virusi. Kwa waliopata kidonge kitupu, mmoja tu kati ya 23. Dunia ilisisimka. Wengine wakarudia jaribio, mahali pengine, na matokeo yale hayakuonekana tena. Ndiyo maana mtu wa kazi yangu akiambiwa "imethibitishwa" huuliza: mara ngapi, na nani mwingine?

Kopo la manjano ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Kuna mantiki ya kale duniani kote kwamba ugonjwa wa njano hutibiwa kwa kitu cha njano, na bizari ya manjano ilikuwa imejichagua yenyewe. Kwenye pilau au mchuzi wa samaki sina neno nayo. Lakini katika miaka ya karibuni manjano ya kujilimbikizia, hasa vidonge na unga wa kunywa kama dawa, yamehusishwa na homa ya ini yenyewe. Italia iliripoti kundi la wagonjwa mwaka 2019. Mwaka 2022 mtandao wa Marekani unaofuatilia ini lililoumizwa na dawa ulieleza wagonjwa 10 walioumizwa na manjano, baadhi wakiwa wameyatumia pamoja na pilipili manga, na mmoja alifariki. Wengi wao walikuwa na alama moja ya kurithi katika kinga ya mwili, yaani tena ni wale wachache waliochaguliwa.

Pilipili manga imewekwa humo kwa sababu. Ndani yake mna piperini, inayofungua mlango wa utumbo ili manjano yaingie damuni kwa wingi. Mlango huo ukifunguka haupitishi manjano peke yake. India wametengeneza kwa makusudi kidonge cha TB chenye piperini ili rifampisini kidogo ifanye kazi ya nyingi. Wao walipunguza rifampisini ndani ya kidonge kwa hesabu. Shangazi ameongeza piperini juu ya dozi kamili, kwa kijiko cha chai.

Na tusijidanganye kwamba cha asili hakiumizi. Kusini, Wazulu wana mzizi uitwao impila, neno ambalo kwao maana yake ni afya; umeua watu kwa kuharibu ini na figo. Mafuta ya mwarobaini, mti tunaousifu kwa magonjwa arobaini, yaliwahi kuripotiwa Malaysia kuwatia sumu watoto wachanga, ubongo na ini vikaathirika. Unga uliokaushwa chini na kukaa kwenye mfuko wenye unyevu unaweza kuota ukungu pia. Mtu wa kwetu asisahau kwamba mwaka 2016 sumukuvu ya mahindi iliua watu 20 huko Dodoma na Manyara, kwa kuharibu maini yao. Ukitaka kulinda ini la mgonjwa wako kwa jambo la jikoni, anza na mahindi: chagua punje, tupa zenye ukungu.

Lakini tuseme unga wa shangazi ni safi na hauna madhara yoyote. Bado ningekataa, kwa sababu hii. Wagonjwa wachache hupata homa ya ini ya kweli kutokana na dawa za TB. Hapo daktari husimamisha dawa zote, hungoja ALT ishuke karibu na kawaida, halafu huzirudisha moja moja, kwa kawaida rifampisini kwanza, kisha isoniazidi, akipima kila hatua ili amkamate mwenye kosa. Kazi hiyo huchukua wiki. Nimewahi kukaa na mgonjwa, kijana wa bodaboda, aliyeletwa macho yote njano. Mara tatu tulimwuliza kama anatumia kitu kingine, mara tatu akasema hapana. Siku ya tisa mama yake akatoa chupa ya soda yenye maji ya mizizi chini ya kitanda cha wodini. Alikuwa anampa kila alfajiri, kwa mapenzi. Siku zote tisa tulizokuwa tukihesabu zilikuwa bure, na TB yake ilikuwa inakaa bila dawa.

Kwa hiyo kinacholinda ini la mdogo wako ni vitu visivyo na mvuto wa kusimulia. Apime ALT na bilirubini, ile rangi ya njano inayopanda damuni ini likiumia, sasa, na homa ya ini B kama hajawahi kupima. Pombe asiguse mpaka mwezi wa sita wa dawa uishe, ikiwemo mnazi ambao watu wa Tanga mnauita kinywaji tu. Dawa nyingi za maumivu za dukani zina paracetamol hata zikiwa na majina tofauti. Ruhusa ya kawaida kwa mtu mzima ni vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku. Mgonjwa wa TB aliyekonda mimi humwekea mwisho 4, na asome kila pakiti asije akameza mbili za aina moja. Kama anatumia ARV, kliniki ijue, kwa sababu rifampisini huharakisha kuondoka kwa dawa nyingi. Dolutegraviri, kwa mfano, huongezwa iwe mara mbili kwa siku. Vile vidonge vidogo vya vitamini B6 alivyopewa ni kwa ajili ya mishipa ya fahamu ya miguu na mikono, si vya ini, ila asiviache.

Kichefuchefu kidogo asubuhi kisimtishe; aiambie kliniki, wanaweza kumshauri ameze dawa na chakula chepesi. Lakini akikosa hamu ya kula kabisa, akitapika mfululizo, akiumwa chini ya mbavu za kulia, mkojo ukiwa wa chai iliyokolea, choo kikipauka, au macho yakiingia unjano: siku hiyo asimeze vidonge vingine, na siku hiyohiyo afike kituoni akiwa na kadi yake. Daktari ana mipaka anayoifuata. ALT ikizidi mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida huku mtu anaumwa, au mara 5 hata kama haumwi, dawa husimama. ALT ikiwa juu pamoja na unjano, takriban mmoja kati ya 10 anaweza kufariki; ndiyo maana nasema siku hiyohiyo na si Jumatatu. Mkiwahi, ini lina tabia nzuri ya kupona.

Jambo lisilofaa kabisa ni kuacha vidonge ili "kupumzisha ini" na kubaki na majani. Tunakumbuka Loliondo mwaka 2011, jinsi kikombe kilivyowafanya wengine waweke ARV kabatini. TB iliyokatizwa hurudi na usugu, na matibabu ya TB sugu yana dawa zinazolibana ini pia.

Kuhusu shangazi, mpeleke naye kliniki. Nasema kweli. Abebe unga wake na kopo lake, amwonyeshe muuguzi, vyote viandikwe kwenye faili: alianza lini, vijiko vingapi. Kama mdogo wako ameshaanza kunywa, hiyo ndiyo habari ya kwanza daktari anayohitaji, na hakuna wa kugombezwa. Halafu mpe shangazi kazi anayoiweza kuliko sisi wote: majani mabichi ya mlonge yapikwe na karanga, maharage pembeni, yai likipatikana. Mtu wa TB anayeongezeka kilo ni habari njema kwa mapafu na kwa ini.

Majibu ya ALT yakitoka niandikie namba zote mbili, ya kwake na ile ya kiwango cha kawaida iliyochapwa pembeni, maana kila maabara ina yake.